Je, jina Kyala linazuia maombi kufika?

SWALI: Mimi ni mzee wa kanisa hapa Tukuyu. Kuna mhubiri anayefundisha kwamba Kyala, jina tunalomwitia Mungu kwa Kinyakyusa, ni jina la mzimu, na kwamba hata Mungu na Bwana ni majina ya kipagani, hivyo maombi yetu hayafiki mpaka tutamke Yahuah. Anauza Biblia aliyorejeshea majina ya asili. Je, tuinunue?

JIBU: Mzee wangu, swali hili hunifikia mara kwa mara, na karibu kila mara nyuma yake yupo mtu mwenye kitabu cha kuuza. Ni kweli kwamba Wanyakyusa walikuwa na jina Kyala kabla wamisionari hawajafika mwaka 1891, na kwamba watafiti waliosikiliza wazee walilikuta likihusishwa na shujaa wa kale na mahali pa tambiko. Hilo halinitishi. Kinachonichosha ni dhana kwamba neno hubaki na najisi ya lilikotoka, kwa maana anayeishika dhana hiyo itambidi aitupe Biblia ya Kiebrania yenyewe: Elohim, neno la Mungu katika Mwanzo 1:1, ndilo hilohilo lililo katika vinywa vya Wafilisti wanapomwita Dagoni mungu wao katika 1 Samweli 5:7. Hata theos, neno la Kigiriki ambalo Paulo alimwitia Mungu, Wagiriki walikuwa wakimwita Zeus kwa hilo muda mrefu kabla yake.

Na hiyo Yahuah? Kiebrania cha kale kiliandikwa bila alama za irabu, na jina lenyewe la Mungu ni herufi nne: yodi, he, vavu, he. Wayahudi, kwa kulicha, waliacha kulitamka wakawa wanasoma Adonai, yaani Bwana. Wanazuoni walipoongeza alama za irabu karne nyingi baadaye, waliziwekea herufi hizo irabu za Adonai, na kutokana na mchanganyiko huo likapatikana umbo Yehova, ambalo Biblia yetu ya Kiswahili ya Union inalo katika Kutoka 6:3. Wataalamu wengi huona Yahwe kuwa karibu zaidi na matamshi ya kale, nao husema hivyo kwa tahadhari, tahadhari ambayo wauzaji wa vitabu hawana. Isitoshe, hati za Kigiriki za Agano Jipya tulizo nazo huandika Kirios, yaani Bwana, hata zinaponukuu Zaburi, na Yesu msalabani alilia kwa Kiaramu, "Eloi, Eloi" (Marko 15:34).

Basi jina la kumwitia Mungu huchaguliwaje? Mfasiri makini husoma kifungu kijijini kisha akamwuliza bibi aliyesikiliza: huyu anayetajwa ni nani, amefanya nini, nani aliye juu yake? Majibu hayo ndiyo yanayoamua kama jina linafaa.

Leo wauzaji hawa wameshika Kyala. Kwa Wahehe na Wabena watashika Nguluvi, jina la Mungu huko. Akija mwingine na Biblia yake, fungueni kurasa za mwanzo mtafute imetafsiriwa na nani, kutoka maandishi gani, na makanisa yapi yaliihakiki. Mkikuta ni maneno ya Union yaliyobadilishwa majina tu, mrudishieni kabla hamjalipa.