Mkojo unanivuja tangu nijifungue, kila mara naambiwa ni UTI

SWALI: Shikamooni. Nilikaa na uchungu siku mbili kabla ya kujifungua. Siku ya tano mkojo ukaanza kutoka wenyewe. Zahanati wamenipima mkojo mara tatu, kila mara napewa dawa za UTI. Mama mkwe ananishauri nipunguze maji. Sasa ni wiki ya tatu.
Msomaji, Geita

JIBU: Marahaba, na pole sana dada. Mwenye UTI husikia mkojo ukichoma na hukimbilia chooni mara kwa mara. Wewe unalowa mchana na usiku bila kuhisi, tena dawa hazijasaidia. Dalili hizo ni za fistula ya uzazi, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Kichwa cha mtoto kikikwama, hubana nyama laini dhidi ya mfupa wa kinena. Damu haifiki, nyama inakufa, kisha hudondoka kati ya siku ya 3 na ya 10. Ndiyo maana hukuvuja siku ile ile. (Anayevuja akikohoa au akinyanyua ndoo tu, tatizo lake kwa kawaida ni jingine.)

Mkojo wa kwenye kikopo hauonyeshi tundu. Kinachoonyesha ni maji ya rangi ya buluu yanayopitishwa kwenye kibofu kwa mpira, huku pamba ikiwa imewekwa ukeni. Pamba ikigeuka buluu, tundu lipo. Ikilowa bila rangi, huenda uliotoboka ni mrija unaotoka kwenye figo.

Usingoje! Katika wiki hizi za mwanzo, tundu dogo linaweza kujifunga lenyewe ukiwekewa mpira wa mkojo kwa wiki 4 hadi 6. Inatuuma sana kuona wanawake wakimaliza muda huo wakimeza dawa za UTI. Mwambie mkunga, faraghani, si dirishani mbele ya foleni: uchungu ulidumu saa ngapi, kuvuja kulianza lini, na kwamba unaomba rufaa uchunguzwe fistula. Kwako hospitali ya Bugando, Mwanza, ndiyo karibu. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imekuwa ikitibu fistula bila malipo, na mwaka 2009 ilianza kutuma nauli kwa M-Pesa. Uliza kuhusu nauli kabla hujauza kuku.

Maji usipunguze hata kidogo. Mkojo mzito ndio unaonuka na kuunguza mapaja. Kunywa mpaka mkojo uwe mweupe, jisafishe kwa maji, jikaushe, paka mafuta ya mgando.

SWALI: Nimeshonwa fistula. Nijihadhari na nini?

JIBU: Mpira hukaa siku 7 hadi 14. Usiulalie wala usiukunje: ukiziba, kibofu hujaa na nyuzi hufumuka. Mfuko usipopokea mkojo, au ukilowa kitandani, mwite nesi saa hiyo hiyo hata kama ni usiku. Tendo la ndoa lisubiri miezi 3, na mumeo aelezwe hilo na daktari kabla hamjaruhusiwa kurudi nyumbani. Mimba ijayo anza kliniki mapema na uwaeleze ulishonwa, kwa sababu utajifungua hospitali, kwa upasuaji.