Jibu: Nimekabidhiwa mfumo mkubwa wa sacco, nianzie wapi?

Ndugu yangu wa Kisumu, pole na kazi mpya. Unasema mfumo wa sacco uliopewa una maelfu ya faili, aliyeuandika ameshaondoka, na wiki ya pili bado unasoma faili moja baada ya nyingine. Achana na hiyo. Hata walioujenga hawaujui wote.

Chagua muamala mmoja, tuseme mwanachama wa Kondele anaweka akiba kwa M-Pesa, uufuate hadi mwisho. Tafuta neno ResultCode katika msimbo wote. Ndimo jibu la Safaricom hukaa: 0 malipo yamepita, 1032 mteja ameghairi. Ukilipata, isimamishe programu papo hapo ikiwa mbioni, uone ni sehemu gani iliyoita hapo na imebeba nini. Chora kwenye karatasi, mishale tu, mpaka ufike kwenye jedwali la salio. Muamala wa pili hautakusumbua hivyo.

Mstari usioeleweka? Amri ya git blame (git ni programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo) itakuonyesha nani aliugusa mwisho na lini. Kisha soma maelezo aliyoacha alipohifadhi badiliko hilo. (Wengine huandika "marekebisho" tu, Mungu awasamehe.)

Haya yote yafanyie kwenye kompyuta yako na mazingira ya majaribio ya Daraja (huduma ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa), kamwe si kwenye hifadhidata yenye pesa za watu. Na ukikuta hesabu ya riba inayokushangaza, usiirekebishe kabla ya kumuuliza mhasibu wa sacco. Huenda ndivyo mkutano mkuu ulivyoamua.