Muulize Fundi: Breki zinagoma mvua ikinyesha

Shikamoo fundi. Naendesha bodaboda Tukuyu. Mvua ikikolea, breki ya nyuma hainishiki nikishavuka dimbwi, na cheni inapata kutu hata nikiipaka oili chafu kila jioni. Nifanyeje?
– Dereva wa Rungwe

Marahaba, mwanangu. Hiyo oili chafu ndiyo adui yako. Imebeba masizi na vumbi la chuma, kisha inanasa mchanga, na mchanga huo unasaga sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni, kama tupa. Nami niliitumia miaka miwili, nikala sproketi tatu! Osha cheni kwa mafuta ya taa na brashi, ifute ikauke, kisha paka oili ya giaboksi, SAE 90, kwa upande wa ndani. Futa inayozidi, isije ikarukia tairi. Ukiikaza, acha icheze kama sentimita 2 hadi 3.

Breki: maji yameingia kwenye shuu, vile vipande vinavyobana gurudumu kwa ndani. Ukitoka dimbwini, bonyeza breki kidogo huku ukienda polepole, mita hamsini hivi, joto litaikausha. Ikiendelea kugoma, fungua uzitazame shuu, huenda zimekwisha.

Mashine ya kuoshea yenye presha usiielekeze kwenye beringi za magurudumu wala plagi.

Na zile dakika za kwanza za mvua, lami inapotema oili iliyonyonya wakati wa jua, nenda taratibu. Abiria mwenye haraka mwambie ashuke apande daladala.