Barua kwa Mwanangu Aliyeko Rehovot, Israeli

Mwanangu mpendwa Neema,

Umeniuliza kama kuna haja ya kulipia darasa la Kiebrania, ilhali vikao na ripoti zote za maabara yenu ni kwa Kiingereza, na kila ukijaribu Kiebrania wenzako wanakujibu kwa Kiingereza. Kwa kazi, huna haja. Kinachonishughulisha mimi ni saa ya chakula cha mchana. Nimewaambia tangu mkiwa wadogo: lugha ya kazi hukufikisha ofisini, lugha ya watu ndiyo inayokuketisha mezani.

Unajua kwamba kabla hujazaliwa nilipelekwa Haifa kusomea malezi ya watoto wadogo, kwa Kiingereza. Siku ya kuwakumbuka Wayahudi waliouawa na Wanazi, saa nne asubuhi, king'ora kililia kwa dakika mbili. Magari yakasimama, na watu wakashuka wakasimama wima barabarani. Mchana mpishi wetu, yule mama wa kwenye picha ya sebuleni, aliketi nasi akasimulia kwa Kiebrania kwa muda mrefu, huku walimu wakifuta machozi. Nilipouliza, nilijibiwa kwa Kiingereza, "Anazungumzia familia yake." Simulizi yote ile ikanifikia kwa maneno hayo tu. Mpaka leo natamani kujua alisema nini, na hakuna tena wa kunieleza.

Hata hivyo najibishana na nafsi yangu. Mkataba wako ni wa miaka miwili, jioni unarudi umechoka, na tayari una Kipare, Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa cha shuleni. Herufi 22 utazimaliza upesi, lakini magazeti huandikwa bila alama za irabu, na kitenzi humtofautisha mwanamume na mwanamke, jambo ambalo Kipare na Kiswahili havikukuzoesha. Ni kazi, sikatai.

Lakini upo kwa watu ambao wengi wao wazazi au babu zao walijifunza lugha hiyo ukubwani. Ulpan ni darasa la kuwafundisha watu wazima Kiebrania, na la kwanza, Ulpan Etzion, lilifunguliwa Yerusalemu mwaka 1949 kwa ajili ya wahamiaji waliokuja na lugha zao nyingine. Kwa hiyo waombe wenzako, kwa adabu, wakujibu kwa Kiebrania wakati wa chakula tu. Mezani, mwanangu, narudia.

Sitakuamulia, baba yako amenikataza, na anasema wewe ni mtu mzima. Ila ada ya muhula wa kwanza nimekwisha kuiweka kando, nami nasubiri uniambie niitume lini.

Mama yako