Laptop imekuwa bubu tangu nichomoe hedifoni

SWALI: Shikamoo fundi. Laptop yangu ni ya Windows 10. Juzi usiku nilisikiliza masomo kwa hedifoni, nilipozichomoa sauti ikakata mpaka leo. Nikizichomeka tena nasikia vizuri. Fundi mmoja anataka kubadilisha spika, mwingine anasema nipige Windows upya. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa sasa usimlipe yeyote. Kama hedifoni zinasikika, huenda draiva (programu inayoendesha sauti) na kadi ya sauti ni nzima, kwa hiyo kuanza na kupiga Windows upya ni kujisumbua. Spika nazo kwa kawaida huwa mbili. Ni nadra zife zote kwa pamoja, tena dakika ileile uliyochomoa hedifoni.

Mimi nashuku tundu. Ndani yake mna kibati chembamba kinachosukumwa na pini ya hedifoni. Kikisukumwa, laptop inazima spika. Ukichomoa kinatakiwa kirudi, na kikikwama kwa vumbi au kupinda, laptop inaamini hedifoni bado zipo.

Bofya alama ya spika chini kulia. Ikiandika Headphones wakati tundu ni tupu, umepata jibu. Laptop nyingine huandika Speakers na Headphones kwa pamoja. Hapo alama hiyo haitakusaidia, endelea tu.

Zima laptop, chomoa chaja, kisha mulika tundu kwa tochi ya simu. Usiruke hatua hii. Mama mmoja aliniletea laptop iliyokwisha kupigwa Windows mara mbili. Nilipomulika nikaona kitu kinang'aa kule mwisho, ncha ya pini iliyokatikia ndani. Basi angalia na pini ya hedifoni zako kama imetimia.

Kama hamna kitu, chomeka na kuchomoa mara kumi au kumi na tano huku ukizungusha pini taratibu. Ikigoma, lowesha kidogo pini hiyo kwa spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme, rudia, uache ikauke vizuri kabla ya kuwasha. Sindano usiingize kabisa, kibati kile kikivunjika hakirudi.

Bado kimya? Pata flashi yenye Ubuntu, yaani mfumo wa bure wa kompyuta tofauti na Windows, uiwashe laptop kutoka humo bila kuisakinisha, ucheze sauti yoyote. Spika zikilia, kosa liko kwenye Windows: fungua Device Manager, ondoa kifaa cha sauti, washa upya, draiva itajipakia yenyewe. Zisipolia, mwambie fundi apime tundu kabla ya spika. Muulize pia kama tundu la laptop yako liko kwenye kibao chake pekee au limechomelewa kwenye mazabodi (bodi kuu ya laptop), maana la kibao ni kazi rahisi na bei yake haiwezi kuwa sawa na la mazabodi.