Aliye bize huwa ameketi

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama maneno ya Kiingereza ya haraka na pilika, yaani bize, fasta, spidi na hasla, yanakikuza Kiswahili au yanakimaliza. Hofu ya kumalizwa mimi sina. Lugha yenye hekaheka, purukushani, mshikemshike, patashika na kukurukakara haiwezi kuuawa na fasta. Hata haraka tuliichukua kwa Waarabu, na kwao ni mwendo tu. Wasiwasi tumeutia sisi. Ninachotaka kuuliza ni kingine: anayeyasema maneno hayo huwa ameketi au anakimbia?

Nilikuwa winga Kariakoo. Winga ni nani sina haja ya kueleza, aliyewahi kushikwa mkono Mtaa wa Kongo akiambiwa "kuangalia bure" anamjua. Huna duka, huna mzigo, una miguu na mdomo. Unachukua sampo fremu hii, unamwonyesha mteja aliyesimama kule, unaweka cha juu chako.

Basi siku moja nikampata mama mmoja kutoka Lubumbashi. Anataka sandozi za kike, rangi moja, namba 37 hadi 41, na basi lake la Tunduma linamngoja. Wakati huo mabasi yalikuwa bado yanaondokea Ubungo. Akanambia, "Mwana, fanya mbiyo." Nikampenda papo hapo, maana sikuwa nimesikia mtu akiniharakisha kwa upole namna ile. Kaka niliyekuwa nikichukulia mzigo kwake alikuwa na neno moja tu, "Dogo, fasta!", na alilitoa akiwa juu ya kiti cha plastiki, feni imemwelekea. Mliowahi kutumwa mtanielewa: fasta huteremka tu. Sijamsikia mtu akimwambia bosi wake fasta.

Fremuni kwake zilikuwepo nusu. Nyingine zilikuwa stoo, ghorofa ya tatu, mtaa wa pili. Nikapanda ngazi zilizojaa mabelo hadi unapita ubavu. Mtunza stoo alikuwa na sahani ya chipsi mapajani, simu ameiegemeza kwenye boksi, anaangalia mpira. Hakuniangalia. "Niko bize, zunguka baadaye." Nikasimama pale mlangoni jasho likinidondoka kwenye sakafu yake. Kutoka chini mtaani nilisikia wasukuma mikokoteni, "Pisha! Pisha mzigo! Angalia mguu!" Hao ndio waliokuwa na shughuli, na hakuna hata mmoja aliyesema yuko bize. Hawana nafasi. Mtu mwenye gunia la kilo mia shingoni anasema pisha, basi, na ukichelewa kuelewa utaelewa kwa kisigino.

Hadi mapumziko ya mpira ndipo akanitupia zile jozi. Nikashuka mbio, nikamkuta mama amekaa juu ya mfuko wake. Nilidhani atabeba aondoke. Wapi! Alitandika khanga chini, katikati ya watu, akaanza kupanga jozi mojamoja, kushoto na kulia, anapapasa gundi ya soli kwa kidole gumba, anakunja, anaachia. Simu yangu inaita, kaka anataka hela yake, fasta. Watu wanaturuka. Akafika jozi moja ya namba 39, akaiinua: miguu yote ya kushoto. Hakugomba. Aliiweka pembeni, akasema, "Hii rudisha," akaendelea kuhesabu. Nikarudi ghorofa ya tatu. Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza.

Mama aliwahi basi lake, na cha juu changu alinilipa bila kukikata, japo alikijua.

Kwa hiyo nilipoanza barua hii nilitaka kusema maneno haya ni ya wakubwa, tuyatupe. Lakini winga nalo? Ni Kiingereza kilekile, cha mpira wa miguu: anayekimbia na mpira pembeni ya uwanja, halafu bao linaandikwa jina la mwingine. Wala hatukupewa na mtu, na sijaona neno la kamusi linaloieleza kazi ile vizuri kuliko hilo. Na Kariakoo yenyewe? Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, wapagazi wao wa vita waliwekwa pale, kikosi kikiitwa Carrier Corps. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita ile walikufa Afrika Mashariki, maradhi yakiwamaliza wengi kuliko risasi. Neno la daftari la jeshi likapondwapondwa kwa ndimi za watu mpaka likawa letu. Nairobi nao wana Kariokor yao.

Linalonikera ni hasla. Zamani kwa Kiingereza mwenye jina hilo alikuwa mwizi anayekusukuma kwenye msongamano ili akuchomolee. Baadaye likasafishwa. Mwaka 2022 Kenya lilipanda jukwaani na William Ruto na toroli, alama ya chama chake, likashinda uchaguzi, na kabla mwaka haujaisha likawa jina la mfuko wa serikali, mikopo kuanzia shilingi 500. Sigombani na mkopo, wapo uliowafaa. Nagombana na kumsifu mtu kwa kuhangaika huku ukiwa wewe ndiye uliyetakiwa kumpunguzia mahangaiko. Kubangaiza tulikuita kubangaiza, na aliyesikia alijua kuna kitu kimepungua. Ukikuita hasla, kinaonekana kipaji. Huku kwetu nako vijana wanaliandika kwenye bodaboda zao, na hapo sina ubishi nao. Ni pikipiki yao, mara nyingine ni ya mkataba.

Kura yangu basi iandikeni upande wa "yanakikuza", ingawa fasta bado linaniumiza sikio, na bize namwachia yule wa stoo. Hasla msilihesabu pamoja na hayo. Au lihesabuni, ila kwa sharti kwamba aliyelisema awe ndiye anayekimbia.

Winga mstaafu, Dar es Salaam