Mafuta ya Kupikia na ya Karai: Ushauri kwa Wapishi wa Lamu

Mtu akiniuliza ni mafuta gani bora kwa afya, mimi humuuliza kwanza anataka kupikia nini, kwa sababu mafuta yanayofaa kukaangia vitunguu vya mchuzi huenda yasistahimili kukaa karaini saa nzima yakitoa mahamri. Nimepika mtaani Langoni, hapa Lamu, kwa miaka mingi, nyumbani na kwenye shughuli za harusi na maulidi, na kwa kuwa nyumbani kwetu wamo wazee wenye presha, jambo hili nimelifuatilia kwa makini.

Nianze na nazi, maana hapo ndipo penye ubishi mwingi. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni ya aina ambayo wataalamu huiita mafuta yaliyoshiba, nayo hupandisha kolesteroli mbaya katika damu. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba aina hiyo isizidi asilimia 10 ya nguvu tunazopata kwa chakula cha siku, yaani kama gramu 22 kwa mtu anayekula kalori 2,000. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya nazi kina gramu 11 hadi 12 za mafuta hayo yaliyoshiba, kwa hivyo vijiko viwili vinamaliza fungu la siku nzima kabla hujaonja nyama wala chai ya maziwa. Tui nalo limebeba mafuta yaleyale. Ndiyo maana nashauri nazi ibaki kwenye wali, samaki wa kupaka na mbaazi, ambako ladha yake haina mbadala, na karai litafutiwe mafuta mengine. Anayeambiwa kwamba mafuta ya nazi yanayeyusha kolesteroli anadanganywa, na inaniuma kumwona mgonjwa wa presha akiyanywa kila asubuhi kama dawa.

Dukani, mafuta mengi ya bei nafuu ni ya mawese, hata pale chupa inapoandikwa tu kwamba ni mafuta ya mimea. Katika mawese, karibu nusu ni mafuta yaliyoshiba. Katika alizeti ni kama asilimia 11 na katika simsim kama 15. Kwa joto letu la Lamu huwezi kuyatofautisha kwa macho, kwani yote yanamiminika, lakini ukiitia chupa kwenye friji usiku kucha, ya mawese hufanya ukungu na kuanza kuganda huku ya alizeti ikibaki angavu na safi. Maneno “hayana kolesteroli” yasikubabaishe, maana kolesteroli hutoka kwa wanyama, na hakuna mafuta ya mimea yanayoweza kujisifia jambo hilo peke yake. Mafuta magumu ya kopo nayapita moja kwa moja ikiwa yameandikwa kwamba yamegandishwa kwa haidrojeni, kwa sababu humo huweza kuwemo mafuta ya transi, yanayozaliwa na ugandishaji huo na kuudhuru moyo, ambayo Shirika la Afya Duniani lilitaka mwaka 2018 yaondolewe katika vyakula kote duniani kufikia 2023. Mafuta ya kupima nayanunua kwa mwenye duka ninayemjua tu, na hunusa kwanza.

Mafuta ya simsim, ambayo wazee wetu waliyakamua kwa kinu kilichozungushwa na ngamia, nayapenda kwa mchuzi na mboga, kwa moto wa wastani. Ya zeituni ni mazuri sana, ila bei yake haimruhusu kila mtu.

Karai ndilo lenye mtihani mkubwa zaidi, kwa sababu mengi ya mafuta yanayoupendeza moyo huvunjika upesi kwenye moto wa muda mrefu, na mengi ya yale yanayostahimili moto, kama mawese, ndiyo yaliyoshiba zaidi. Nyumbani natumia alizeti, natia kiasi kidogo, na sikaangi kila siku. Anayeuza viazi karai na bajia jioni za Ramadhani anaweza kutumia mawese, lakini ayabadilishe mara kwa mara, kwani hakuna mafuta yanayobaki salama yakipashwa moto siku baada ya siku.

Joto linalofaa ni nyuzi 170 hadi 190. Asiye na kipimajoto adondoshe kipande kidogo cha unga wa mahamri: kikizama na kukawia chini, mafuta bado, na ukikaanga hivyo chakula kitayanywa, kikipanda mara moja kikizungukwa na mapovu madogo, anza, kikibadilika rangi papo hapo, punguza makaa. Moshi ukishatoka, mafuta yameanza kuharibika. Maji na chumvi huharakisha uharibifu huo, kwa hivyo samaki nampangusa mpaka akauke, na viazi natia chumvi vikiwa nje ya karai. Nikimaliza nasubiri mafuta yapoe, nayachuja kwa kitambaa safi ili kuondoa makombo yanayoungua, na nayahifadhi kwenye chupa iliyozibwa, mbali na jua na jiko. Ya samaki hayakaangii tena kitu kingine, na nayatumia mara moja zaidi tu.

Yakiwa meusi na mazito, yakitoa povu lisilotulia au harufu kali inayowasha koo, yamekwisha. Kuyaongezea mapya, kama wengi wafanyavyo, ni kuyaharibu hayo mapya, kwa kuwa uchafu wa yale ya zamani huanza kuyavunja mara moja. Usiyamwage kwenye mtaro wa kichochoroni, maana mitaro yetu inaishia baharini. Yamimine kwenye chupa kuukuu, uifunge vizuri, kisha uitie kwenye taka.